Usihesabu Faida Mpaka Spea Ifungwe

"Dada, gari limemwangukia mdogo wangu."

Simu iliingia saa moja jioni, nikiwa nafunga vifurushi vya kupeleka stendi asubuhi. Ilikuwa namba ya mteja wangu wa Mtinko ambaye siku tatu nyuma nilimtumia springi za nyuma za kirikuu. Alilipa bila usumbufu, akapokea mzigo, akanitumia na dole gumba. Kwenye daftari nilishaandika: faida elfu 35, oda imeisha.

Wapambanaji wenzangu, habari za kazi. Leo sina mbinu ya kupata wafuasi wala ya kupiga picha za bidhaa. Nataka niwasimulie hiyo oda moja, kwa sababu iligeuza namna ninavyouza mpaka leo. Hata kama wewe huuzi spea, unauza rafu za ukutani, majiko ya gesi, sola au vitanda vya kuunga, soma mpaka mwisho. Bidhaa yoyote ambayo mteja anaifunga mwenyewe nyumbani ina jambo hili ndani yake.

Tangazo lililoniponza

Niko Singida mjini. Sina fremu barabarani. Nina chumba kimoja cha stoo, simu, mizani na daftari. Nauza spea za magari madogo ya mizigo, hasa Suzuki Carry, ile tunayoiita kirikuu. Wateja wangu wako Ilongero, Mtinko, Ikungi, Sepuka, wengine Kiomboi na Manyoni. Wanabeba vitunguu, alizeti, maji, matofali, kuku. Barabara kubwa ni lami, lakini mzigo hauanzii kwenye lami, unaanzia shambani. Mashimo, mawe na makorongo ndiyo yanayonilisha mimi, maana yanakula springi, bushi na shokapu kila msimu.

Kipindi kile tangazo langu lilikuwa hivi: "Springi za nyuma za kirikuu, seti nzima. Unafunga mwenyewe nyumbani, huna haja ya fundi!"

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyokuwa inaleta oda. Mtu wa kijijini akifikiria kuleta gari mjini, mafuta, fundi, siku nzima bila kazi, halafu akaona "unafunga mwenyewe", anatuma hela. Mteja wa Mtinko aliniuliza kabisa kwenye simu: "Dada, kweli sisi wenyewe tutaweza?" Nikamjibu, "Kaka, ni kazi ya spana tu hiyo, mnamaliza asubuhi."

Mimi sikuwahi kufunga springi hata siku moja. Nilikuwa nimeona mafundi wakifunga, basi.

Nilichokikuta Mtinko

Kesho yake alfajiri nilimpigia fundi mmoja mzee ninayemheshimu, tukapanda pikipiki mbili mpaka kwao. Kijana alikuwa ameshatoka hospitali. Mguu umevimba, amechubuka vibaya, lakini picha ilionyesha mfupa haujavunjika. Mungu mkubwa.

Mama yao alikuwa amekaa kibarazani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akanitazama, akauliza taratibu: "Wewe ndiye uliyewaambia wanangu ni kazi ya spana tu?"

Sikuwa na jibu. Nilisema "Nisamehe, mama," nikamfuata fundi kwenye gari.

Gari lilikuwa chini ya mwarobaini, kwenye mchanga. Fundi hakugusa kitu kwa muda. Alizunguka, akachuchumaa, akauliza maswali. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Upande wa kulia walishaumaliza asubuhi. Upande wa kushoto walipandisha gari kwa jeki peke yake, na jeki wameiweka juu ya mchanga. Walivuta breki ya mkono na kuacha gia ndani, wakaamini gari haliendi popote. Kijana aliingia chini, bolti moja ikagoma kwa kutu, wakachomeka bomba kwenye spana ili wapate nguvu. Walipovuta, gari likasogea mbele kidogo, jeki ikalala, gari likashuka.

Kilichomwokoa ni tairi. Walipolitoa, kijana alilisukuma chini ya gari ili lisimsumbue njiani. Gari likaangukia tairi, yeye akabanwa mguu tu na springi iliyokuwa imelegea. Fundi akasema, "Hilo tairi walitakiwa kuliweka pale makusudi. Wao wameliweka kwa bahati."

Kuhusu breki ya mkono alituelewesha jambo ambalo nadhani wengi hatulijui. Kirikuu ya kawaida inasukumwa na matairi ya nyuma, na breki yake ya mkono inakamata matairi hayo hayo ya nyuma. Ukishapandisha nyuma, upande mmoja ukawa hewani, breki na gia havishiki tena kama unavyodhani. Matairi ya mbele breki hiyo haiyakamati, na hayo yanazunguka yenyewe. Ndiyo maana lazima yawekewe kabari au mawe, mbele na nyuma ya kila tairi.

Na mimi nilikuwa na kosa langu

Nilitegemea makosa yote yawe ya wateja. Fundi akafungua upande wa kulia, ule uliokwisha, akaniita.

Springi ya mabapa ina bolti katikati inayoshikilia mabapa pamoja, senta bolti. Kichwa chake kinatakiwa kiingie kwenye tundu lililopo kwenye kikalio cha ekseli. Hapo ndipo ekseli inapojua mahali pake. Halafu yu-bolti zinabana springi na ekseli viwe kitu kimoja. Kwenye springi nilizouza mimi, kichwa cha senta bolti kilikuwa kinene kuliko tundu la gari lao. Hakikuingia. Kilikaa ukingoni, wale vijana wakakaza yu-bolti juu yake wakidhani zitakivuta kiingie.

"Gari hili," fundi akasema, "lingebeba magunia, likapiga shimo, ekseli ingeteleza. Mkia ungekuwa unakwenda kivyake kama kaa. Na hapo siyo mguu wa mtu mmoja tena."

Zile springi zilikuwa za aina nyingine ya gari dogo. Aliyeniuzia kwa jumla alisema "zinaingia", na mimi nikamwambia mteja "zinaingia". Urefu ulikuwa sawasawa, ndiyo maana sikushtuka. Sikuwa nimeuliza namba ya modeli wala kupima kitu chochote.

Juu ya hilo walirudisha yu-bolti za zamani. Mimi sikuwauzia mpya wala sikuwaambia. Yu-bolti inavutika inapokazwa. Ukishaitoa kwenye springi ya zamani usiitegemee tena, weka mpya.

Kazi yenyewe inavyofanywa

Fundi aliifanya pale pale, chini ya mwarobaini, mbele ya wote. Nilirekodi hatua kwa hatua. Naziandika hapa kwa sababu ndizo ninazomtumia kila mteja sasa.

1. Gari liwe mahali tambarare na pagumu. Kama ni mchanga, weka ubao mpana na mnene chini ya jeki. Shusha mzigo wote kwanza.

2. Weka kabari kwenye matairi ya mbele, pande zote. Legeza nati za tairi kabla hujapandisha gari, siyo baada.

3. Pandisha, kisha weka stendi za chuma chini ya chesisi. Jeki ni ya kupandishia, siyo ya kushikilia gari mtu akiwa chini. Tofali usiweke, linapasuka ghafla. Tairi ulilolitoa lilaze chini ya chesisi kama akiba. Kabla hujaingia, sukuma gari kwa mkono. Likitikisika juu ya stendi, anza upya.

4. Jeki ya pili ishike ekseli. Ukifungua yu-bolti bila kuishika, ekseli inaning'inia kwenye mpira wa breki, na mpira huo ukikatika huna breki.

5. Nati zenye kutu zimwagie mafuta ya kulegeza kutu jana yake, siyo dakika hiyo. Bolti iliyogoma ndiyo iliyoangusha gari la Mtinko.

6. Toa ya zamani, ilaze kando ya mpya, linganisha: urefu kati ya macho mawili, umbali wa kila jicho mpaka senta bolti, upana wa bapa, idadi ya mabapa, na unene wa kichwa cha senta bolti. Senta bolti mara nyingi haiko katikati kabisa, kwa hiyo springi ina upande wa mbele na wa nyuma. Kama kipimo kimoja hakifanani, simama. Piga simu kwa muuzaji.

7. Funga macho na bushi kwanza, lakini usikaze kabisa. Sogeza ekseli taratibu mpaka kichwa cha senta bolti kiingie kwenye tundu. Hakikisha kwa macho na kwa kidole. Halafu yu-bolti mpya, kaza kwa kupishana, kidogo kidogo, kona hii na ile, ili zibane sawasawa.

8. Rudisha tairi, shusha gari chini. Sasa ndipo ukaze bolti za bushi. Hili fundi alilirudia mara mbili. Bushi ya mpira ukiikaza gari likiwa linaning'inia, inashikwa katika mkao huo. Gari likishuka mpira unabaki umejinyonga, na kila shimo linaunyonga zaidi. Mteja atarudi baada ya muda mfupi akisema umemuuzia bushi feki.

9. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza tena yu-bolti. Rudia baada ya wiki. Kiasi cha kukaza kimeandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari, fundi asibunie.

Na springi hubadilishwa pande zote mbili pamoja. Ukiweka mpya upande mmoja na iliyochoka upande mwingine, gari linalala.

Kwa springi zile, fundi alibana mabapa kwa vaisi, akatoa senta bolti nene, akaweka zenye kichwa kinacholingana na tundu. Vipimo vingine vyote vilikubali. Jioni gari likatembea.

Hesabu ya oda ile

Fundi elfu 40. Pikipiki elfu 20. Yu-bolti nne na senta bolti mbili elfu 28. Bushi mpya, maana zile za upande wa kulia zilikuwa zimeshajinyonga, elfu 10. Mchango wangu wa hospitali elfu 20. Jumla elfu 118. Toa faida ya elfu 35, nilipata hasara ya elfu 83 kwenye oda niliyoiandika kuwa imeisha.

Na sheria ingeweza kuniongezea. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyekwambia anataka bidhaa kwa kazi gani na akategemea ujuzi wako: bidhaa inatakiwa ifae kwa kazi hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na FCC, inakataza kumpotosha mteja kwenye biashara. Kuuza kwa simu hakukuondoi humo. Tangazo lako la WhatsApp ni maneno yako.

Nilichobadilisha

Kwanza, sipokei hela kabla ya majibu matano. Namba ya modeli na ya chesisi, kwa picha ya kibati chenyewe au kadi ya gari, siyo kwa mdomo. Picha ya spea ya zamani ikiwa imewekewa futi ya kupimia pembeni. Gari limewahi kuongezwa springi au kubadilishwa ekseli? Nani atafunga? Ana stendi za chuma au ana jeki tu?

Swali la mwisho wateja wengine wanalicheka. Nawaambia ukweli: kama huna stendi, kaazime kwanza, springi yako naitunza. Mteja mmoja wa Ikungi alinikasirikia, akasema "wewe dada unauza au unahoji?" Baada ya siku mbili akatuma picha ya stendi alizoazima kwenye mashine ya kukamua alizeti. Nikatuma mzigo.

Pili, nauza kazi nzima, siuzi kipande. Seti yangu ya springi sasa ina yu-bolti mpya, nati zake na bushi. Kila springi nimeiandikia kwa rangi: KULIA, KUSHOTO, MBELE. Bei imepanda. Wapo wanaokimbilia ya bei ndogo, sawa tu. Ila simu za "dada hii haiingii" zimepungua mno.

Tatu, zile hatua tisa ziko kwenye karatasi ndani ya kifurushi, kwa Kiswahili chepesi, na video fupi naituma WhatsApp. Wateja wengine hawasomi, kwa hiyo naongeza ujumbe wa sauti wa dakika moja: kabari, stendi, senta bolti, bushi gari likiwa chini.

Nne, springi za mtumba nazikagua kabla sijaziposti. Nazisugua kwa brashi ya waya, naangalia nyufa, hasa karibu na tundu la senta bolti na kwenye macho. Nikiona ufa, inakwenda kwenye chuma chakavu. Na kwenye tangazo naandika "mtumba" au "mpya". Sifichi.

Tano, kuna spea ambazo sisemi kabisa "funga nyumbani". Kirikuu mbele ina shokapu iliyovishwa springi ya mviringo. Ile springi imebanwa, na ukifungua nati ya juu bila kifaa cha kuibana, inaruka kama risasi. Hiyo naandika kwa herufi kubwa: IFUNGWE NA FUNDI MWENYE KIFAA. Shokapu zenyewe, zile za gesi, zikichoka zisikatwe wala kutiwa moto.

Sita, namwambia mteja ukweli kuhusu mzigo, hata kama ukweli huo unapunguza mauzo yangu. Kule Japani kirikuu imesajiliwa kubeba kilo 350 tu. Magunia matatu ya kilo 100 na nusu ya jingine, umefika. Sisi tunapakia mara mbili yake, halafu tunaongeza bapa la springi ili gari "lisilale". Bapa likiongezwa, breki hazikuongezeka, ekseli haikuongezeka, matairi ni yale yale. Mteja akiniomba bapa la ziada, nambia hivyo kwanza. Akiamua, ameamua akijua.

Na saba: baada ya siku saba napiga simu. Siulizi "umeipenda bidhaa?" Nauliza, "Umekaza tena yu-bolti?" Kwenye daftari nimeongeza safu moja: IMEFUNGWA. Mpaka safu hiyo iwe na alama, faida ya oda hiyo siigusi.

Yule kijana wa Mtinko alipona, na kirikuu inabeba vitunguu mpaka leo. Kaka yake bado ni mteja wangu. Mara ya mwisho alipoagiza bushi, alinipa simu nimsalimie mama. Tukasalimiana, akauliza, "Hizi nazo wanafunga wenyewe?" Nikamwambia, "Ndiyo mama, wanaweza. Lakini waambie waweke stendi kwanza, na bushi wakaze gari likiwa chini." Akawageukia, nikamsikia anawaambia hivyo hivyo, neno kwa neno.

Kwa hiyo mpambanaji mwenzangu, kabla hujaposti kitu leo, rudi usome tangazo lako la jana. Tafuta neno "rahisi", tafuta "mwenyewe", tafuta "inaingia zote". Jiulize kama umewahi kukifunga hicho kitu kwa mikono yako. Kama hujawahi, tenga siku moja, mlipe fundi, ukae pembeni yake uone, uandike. Ukishaona, rekebisha tangazo ndipo upige picha.